Man inaufungua ukurasa wangu wa Kiswahili, apropos inasema haupo

jembe_la_umoja
Wadau, niaje.

Nina kiprogramu kidogo nimekiita `mchango`. Kinasoma orodha ya malipo ya chama iliyopakuliwa kama CSV (jedwali la maandishi matupu), kinapanga nani ametoa nini mwezi gani, kisha kinakokotoa faini za waliochelewa. Wanaokitumia hatuzidi watano: waweka hazina wa vyama vitatu hapa Umoja na Kayole, Nairobi, binamu yangu, na mimi. Laptopu zote ni za mtumba kutoka Luthuli, zote zina Debian (aina ya Linux), na bando ni la kubahatisha.

Ndiyo sababu sikutaka mwongozo wa kukaa mtandaoni. Bando likiisha, mwongozo nao umeisha. `man`, ile amri ya kusomea miongozo kwenye Linux, iko ndani ya mashine: `man mchango` inafunguka hata stima zikipotea, mradi betri ipo. Na kwa vile hawa watu wakihesabu pesa wanahesabu kwa Kiswahili (Kiingereza ni cha barua za benki), nikaamua ukurasa wa man uwe wa Kiswahili. Mwanzo wake ni huu:

    .TH MCHANGO 1 "2024-03-02" "mchango 0.4" "Mwongozo wa Mtumiaji"
    .SH JINA
    mchango \- jumlisha michango ya chama na kokotoa faini
    .SH MATUMIZI
    .B mchango
    [\fB--faini\fR \fIkiasi\fR] \fIfaili\fR

Nimeuweka `/usr/local/share/man/sw/man1/mchango.1`. `LANG` yangu, yaani mpangilio wa lugha, ni `sw_KE.UTF-8`. Nikiandika `man mchango` unafunguka safi kabisa. Nikaendesha `mandb`, halafu `apropos faini`, yaani nitafutie kurasa zenye neno faini. Jibu: `faini: nothing appropriate.`

Nimeshinda nayo tangu jioni. Halafu kuna jambo la pili, dogo lakini linaniudhi: maneno yanakatwa mwisho wa mstari mahali pa ajabu. "Nyum-ba". Nani hukata nyumba hivyo?

mtu_wa_readme
Boss, watumiaji watano na unawaandikia man? Weka README, faili moja ya maelezo, watumie kwa WhatsApp, lala.

jembe_la_umoja
README nilituma Desemba. Mmoja ameifuta akipunguza picha kwenye simu. Mwingine anaitafuta hadi leo kwenye kundi katikati ya salamu za asubuhi.

mama_seva
Jembe, tatizo lako la kwanza liko kwenye neno moja: JINA.

`apropos` haisomi ukurasa wako. Inasoma hifadhidata ambayo `mandb` iliijenga, na `mandb` ikiijenga huchungulia kila ukurasa ikitafuta sehemu ya jina tu, yaani ule mstari wa "kitu, kistari, maelezo mafupi". Ikiukosa huo mstari, ukurasa haupati maelezo kwenye hifadhidata. `man` yenyewe haijali, kwa sababu inatafuta faili kwa jina la faili. Ndiyo maana moja inaona na nyingine haioni.

Usiniamini mimi, iulize. Kuna kifaa kinakuja pamoja na man-db, furushi lenye `man` na `mandb`, wengi hawakijui:

    lexgrog /usr/local/share/man/sw/man1/mchango.1

Itakujibu `parse failed`. Sasa badilisha `.SH JINA` iwe `.SH NAME`, uendeshe tena. Itakurudishia mstari wako mzima ndani ya alama za kunukuu.

Hicho kichanganuzi kina orodha yake ya namna lugha mbalimbali zinavyoandika kichwa hicho. NOM ya Wafaransa inaijua, NOMBRE ya Wahispania, NAZWA ya Wapolandi. JINA haimo. Si ubaguzi, ni kwamba hakuna Mswahili aliyewahi kwenda kuwaambia.

Na ukitazama vizuri kile `mandb` ilichochapisha ulipoiendesha, naweka dau kulikuwa na mstari unaosema `whatis parse for mchango(1) failed`. Sisi sote huwa hatuusomi.

jembe_la_umoja
Ulikuwepo. Nimerudi juu kwenye terminali, upo, unanitazama.

NAME imefanya kazi. `apropos faini` sasa inajibu. Lakini moyo unauma: ukurasa wote Kiswahili, halafu kichwa cha kwanza kabisa, NAME.

bi_sarufi
Hamjambo nyote. Mimi ni wa Mombasa, riziki imenileta South C. Naomba kuingilia, si kwa upande wa mashine.

Mwanangu Jembe, hicho kichwa MATUMIZI. Umesema wasomaji wako ni waweka hazina?

jembe_la_umoja
Ndiyo, Bi.

bi_sarufi
Basi mweka hazina akiona MATUMIZI atatarajia orodha ya pesa zilizotumika.

mama_seva
😂😂😂

jembe_la_umoja
Haki ya Mungu. Kuna mmoja alinipigia akaniuliza mbona "kwenye matumizi hakuna hesabu". Nilidhani ananitania.

bi_sarufi
Hakukutania. Andika NAMNA YA KUTUMIA. MUHTASARI ungefaa kwa tafsiri ya Kiingereza chao, lakini pale hakuna kilichofupishwa, pana umbo la amri tu. Na ukifika kwenye zile `--faini` na `--tarehe`, tafadhali usiandike CHAGUZI, maana chaguzi ni za kura. MACHAGUO inatosha. Mwisho TAZAMA PIA, hiyo haina ubishi.

Kuhusu kukatwa kwa maneno, uko sahihi kuudhika. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu: nyu-mba, che-mba, m-cha-ngo. Aliyekata "nyum-ba" amekata Kizungu.

mama_seva
Amekata Kizungu kweli, Bi. Anayekata ni groff, ndiyo inayopangilia ukurasa nyuma ya `man`, na hukata kwa ruwaza za Kiingereza usipoiambia vingine. Inakuja na ruwaza za lugha kadhaa, Kijerumani, Kifaransa, Kicheki, Kiswidi. Yetu haimo. Dawa ya haraka ni kuizuia isikate kabisa. Weka mistari miwili hii chini ya `.TH`:

    .nh
    .ad l

Wa kwanza unazima ukataji. Wa pili unaipanga aya upande wa kushoto tu, bila kuinyoosha kingo zote mbili. Huo wa pili usiuache. Kiswahili kina maneno kama "yaliyowasilishwa" na "hawajakamilisha", na dirisha la terminali ni safu 80. Ukizima ukataji halafu ukairuhusu iendelee kunyoosha kingo, groff itajaza mapengo katikati ya maneno mpaka aya ionekane kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Ukiwa unasoma ukurasa wa mtu mwingine na huwezi kuugusa, `man --nh --nj` inafanya hayo mawili.

nukta_mwanzo
Nimeona uzi nikasema nipite kimya, nimeshindwa.

Vijana, hii nukta mwanzoni mwa mstari mnayoiandika, `.SH`, `.TH`, `.nh`, inawazidi wengi wenu umri na inanikaribia mimi. Jerome Saltzer aliiandika programu ya RUNOFF pale MIT mwaka 1964, na tayari amri zake zilikuwa zinaanza na nukta kwenye mstari wake. Ni akili ya kawaida: hakuna sentensi inayoanza kwa nukta, kwa hiyo mashine haiwezi kuchanganya amri na maneno. Kutoka hapo ikaja roff, kisha nroff na troff za Joe Ossanna kule Bell Labs. Mnajua Unix ilinunuliwaje kompyuta ya maana? Waliahidi kuwa itapangilia nyaraka za idara ya hataza. PDP-11 ikapatikana kwa kisingizio cha uchapaji. Mwongozo wa kwanza wa Unix una tarehe 3 Novemba 1971, na tayari ulikuwa na umbo mnalolijua: jina, namna ya kutumia, maelezo, faili, tazama pia, na hata sehemu ya kasoro. Waliandika kasoro zao wenyewe, kwa wino. Leo mtu anakuuzia programu bila hata ukurasa mmoja.

Ossanna alifariki 1977, na Brian Kernighan akaifumua troff ili isifungwe na mashine moja ya kupiga chapa. groff ni ya James Clark, mwanzoni mwa miaka ya 1990, imeandikwa kwa C++. Hiyo ndiyo inayokata nyumba yako.

Sasa neno langu. Jembe, unaandika kwa makro (hizi amri za nukta) za zamani, zile za `man`, zilizotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Zinajua rangi tu. `.B` ni herufi nzito, `.I` ni mlazo. Hazijui kwamba `--faini` ni chaguo na `kiasi` ni kitu anachojaza mtumiaji. Kule Berkeley, Cynthia Livingston akaandika makro nyingine, mdoc, na hizo zinajua maana: `.Fl` ni chaguo, `.Ar` ni kinachojazwa, `.Pa` ni njia ya faili, `.Ev` ni kigezo cha mazingira. Unasema kitu ni nini, si kionekane vipi. Hamia huko.

kijana_wa_data
Mzee Nukta, asante, umenigusa kidonda.

Mimi niko upande mwingine wa hili jambo. Nilitaka kuchukua kurasa zote za man kwenye mashine yangu, nizichanganue, nipate JSON, data iliyopangwa ambayo programu inaisoma: amri, machaguo yake, maelezo ya kila chaguo. Nia ilikuwa boti ya Telegramu ya wanafunzi wa kozi yetu, unauliza "tar -x ni nini", inakujibu. Nilidhani ni wikendi moja. Python, ruwaza tatu nne, tumemaliza.

Nimeteseka wiki tatu. Huyu anaandika machaguo kwa `.TP`, yule kwa `.IP`, mwingine kwa `.HP`, mwingine ametunga makro zake mwenyewe kwa `.de` juu ya ukurasa. Kuna ukurasa wenye `.if` ndani. Kuna ukurasa ambao ni mstari mmoja tu, `.so man1/kitu.1`, yaani "nenda kasome kule". Wengine wamefanya jedwali, na mstari wa kwanza una `'\" t` ili tbl, kipangaji cha majedwali, ipite kwanza. Nikagundua sichanganui faili, naendesha lugha ya programu.

nukta_mwanzo
Ndivyo ilivyo. roff ni lugha kamili, ina vigezo, masharti, na makro. Kuisoma bila kuiendesha ni kama kujua matatu itafika saa ngapi kwa kusoma ubao wake.

Hujawa wa kwanza kuteseka. Eric Raymond aliandika doclifter, inayojaribu kubahatisha maana kutoka kwenye herufi nzito na mlazo, ikatoa DocBook (umbo la XML la nyaraka). Kazi kubwa ya kubahatisha kwa akili. Na wale wa fish, ganda (shell) la kuandikia amri, wana skripti inayosoma kurasa za man zilizo kwenye mashine yako ili itengeneze ukamilishaji wa amri. Iendeshe, `fish_update_completions`, kisha soma msimbo wake. Utaona ina wachanganuzi kadhaa tofauti, mmoja akishindwa anajaribu mwingine. Hakuna siri nyingine.

Ila wewe tumia mandoc, kipangilio kingine cha kurasa za man. Kristaps Dzonsons aliianza 2008, siku hizi inatunzwa na Ingo Schwarze, OpenBSD waliichukua badala ya groff kwa kurasa zao. Alpine na Void, aina nyingine za Linux, wanaitumia, na Apple nao wakaiweka kwenye macOS 13. Haipeleki ukurasa moja kwa moja kwenye herufi kama groff. Inajenga mti wa sehemu zake kwanza. Ukiandika `mandoc -T tree ls.1` utauona mti wenyewe.

kijana_wa_data
Nimeiweka, `apt install mandoc`. Nimejaribu `-T tree` kwenye ukurasa wa mdoc. Nimekaa kimya kama dakika tano.

Halafu nikajaribu `-T html`. Chaguo linatoka kama `<code class="Fl">`, kinachojazwa `<var class="Ar">`. Hiyo ni JSON yangu tayari, imebaki kuikwangua.

Nikajaribu ukurasa wa makro za zamani. `<b>`, `<i>`, basi. Rangi tu, kama Mzee alivyosema.

mama_seva
Na mashine nyingi za Linux zina makro za zamani zaidi kuliko mdoc. Kwa hiyo boti yako itajua sana mambo ya BSD.

kijana_wa_data
Usinicheke dada. Nimeamua: zilizo mdoc nachukua maana, zilizo za zamani nachukua aya nzima ya `.TP` bila kudai mengi. Boti ijibu kwa kunukuu.

jembe_la_umoja
Mzee Nukta, nimekutii. Jana usiku nimeandika upya `mchango.1` wote kwa mdoc. Naomba nieleze kilichonipata, na usinikasirikie.

Kwanza, juu ya ukurasa, katikati, pametokea "General Commands Manual". Sikuandika hayo maneno. `.Dt MCHANGO 1` imeyaleta yenyewe, kwa sababu 1 maana yake ni sehemu ya amri, na jina la sehemu anajua yeye. Kwenye `.TH` ya zamani niliandika "Mwongozo wa Mtumiaji" akakubali.

Pili, nikaweka `.Ex -std`, makro ya mdoc, ili kueleza programu inarudisha namba gani. Ikaniandikia sentensi nzima: "The mchango utility exits 0 on success, and >0 if an error occurs." Kiingereza safi katikati ya Kiswahili changu. Mweka hazina wa Kayole ameniuliza hiyo "utility" ni bili ya maji au ya stima.

Tatu, nilikuwa nimerudisha JINA, na `mandoc -T lint`, mkaguzi wa makosa, imenilalamikia kwamba sehemu ya kwanza si NAME.

Kwa hiyo mdoc inajua maana, ndiyo. Lakini inaijua kwa Kiingereza, na inapenda kusema yenyewe. Zile za zamani ni bubu, hazijui kitu, na kwa sababu ni bubu unaweza kuzisemesha lugha yoyote.

nukta_mwanzo
Hmm.

Sijawahi kuandika ukurasa wa lugha nyingine maishani mwangu. Hilo sikuliona.

`.Ex -std` unaweza kuiacha, uandike sentensi yako mwenyewe. Lakini kichwa cha juu, kweli, makro ndiyo yenye neno. Kwa ukurasa wako rudi kwenye `man`. Kwa kurasa za Kiingereza za kazini nabaki na msimamo wangu.

mtu_wa_readme
Mimi bado niko hapa. Mbona msiandike Markdown mkatoa man kutoka humo? `pandoc -s -t man mchango.md -o mchango.1`. Kuna scdoc pia, ya Drew DeVault, ndogo na nyepesi. Hata Git wanaandika AsciiDoc, wanatoa man mwishoni. Perl wana pod2man tangu zamani. Hakuna anayeandika nukta kwa mkono siku hizi.

mama_seva
Safari hii una hoja. Kama tayari una Markdown, pandoc itakupeleka. Ila kagua kinachotoka kwa macho yako, na vichwa viandike mwenyewe. Ukiandika `# JINA` atatoa `.SH JINA`, na tumerudi kwa lexgrog.

Njia nyingine ni help2man, anayeendesha `programu --help` na kugeuza matokeo kuwa ukurasa. Nafuu, lakini kinachotoka ni `--help` iliyovaa suti. Mifano hakuna, na mifano ndiyo watu wanaitafuta.

Ukurasa wenye skrini mbili, kama wa Jembe, mimi ningeandika kwa mkono. Makro unazohitaji ni sita au saba.

jembe_la_umoja
Nimerudi kwa `man`. Lakini leo asubuhi kumetokea kituko, na hiki ni kosa langu.

Binamu yangu ni mtu wa kujenga vitu kutoka chanzo, ana groff 1.23 aliyoijenga mwenyewe. Amefungua ukurasa, akanakili `mchango --faini 50 machi.csv` kutoka kwenye mifano, akabandika. Programu ikamjibu kwamba haijui chaguo hilo na haioni faili inayoitwa `‐‐faini`. Ameandika kwa mkono, ikakubali. Amenakili tena, ikakataa. Akaniambia programu yangu inachagua watu.

mama_seva
Kistari! Ulikiandika `--faini` au `\-\-faini`?

jembe_la_umoja
`--faini`.

mama_seva
Basi. Kwa groff, `-` mtupu ni kistari kifupi cha kuunganisha maneno. Kwenye UTF-8 kinatoka kama U+2010, ambacho kwa macho ni kilekile lakini kwa ganda ni kitu kingine kabisa. `\-` ndiyo inayotoka kama kile cha kibodi. Debian wamebadilisha kwenye `/etc/groff/man.local` ili vyote vitoke kama vya kibodi, kwa hiyo kwako huwezi kuona kosa. Wewe na waweka hazina mko salama kwa huruma ya Debian, binamu yako hana huruma hiyo.

Kila kitu ambacho mtu anaweza kunakili, `\-`.

bi_sarufi
Samahani, na ritifaa je? Ile ya "ng'ombe" na "ng'oa". Nauliza kwa sababu Kiingereza kikikosea ritifaa husomeka, sisi tukikosea "ng'" na "ng" tumebadilisha sauti.

mama_seva
Bi, swali zuri kuliko yote ya wiki hii.

groff ya asili huigeuza `'` iwe ritifaa iliyopinda, ’. Kwa kusoma haina shida, pengine inapendeza zaidi. Shida ni kutafuta: uko ndani ya ukurasa, unabonyeza `/` unaandika ng'ombe kwa kibodi yako, unaambiwa halipo, na linakutazama. Ukitaka ibaki iliyonyooka unaandika `ng\(aqombe`.

bi_sarufi
Ng, mkwaju, mabano, aq, ombe. Ng'ombe mwenyewe amechinjwa hapo.

nukta_mwanzo
Kiswahili kina bahati bado. Hakina nukta juu ya herufi wala vikofia. groff kwa asili inasoma Latin-1 (mfumo wa zamani wa herufi), na UTF-8 lazima ipite kwanza kwa kigeuzi kinachoitwa preconv. Wenzetu wa lugha nyingine wameteseka miaka. Sisi tuna ritifaa moja tu.

jembe_la_umoja
Kwenye ukurasa wangu kuna "ng'" mara mbili tu, nitachinja hao wawili.

Swali la mwisho, naahidi. Sentensi moja imepotea. Nimeandika:

    Programu husoma faili zenye kiambishi
    .csv na kupuuza nyingine zote.

Mstari wa pili hauonekani popote. Hakuna onyo wala nini.

kijana_wa_data
Hii naijua, imenila siku nzima! Mstari unaanza na nukta. Amedhani `.csv` ni makro, hajaipata, akanyamaza. Mzee alisema hakuna sentensi inayoanza kwa nukta, hakujua faili zitakuja kuwa na viambishi.

nukta_mwanzo
😄 Nimepokea.

Weka `\&` mbele: `\&.csv na kupuuza`. Au sogeza neno moja juu lishuke chini. Na jizoeze kuanza kila sentensi kwenye mstari wake mpya. Kernighan alishauri hivyo tangu 1974, na ukiwa na Git utamshukuru: ukibadilisha sentensi moja, unaonekana umebadilisha sentensi moja, si aya nzima.

Na hakuna onyo kwa sababu hukuliomba. Kabla hujampa mtu ukurasa, endesha hizi mbili:

    groff -man -Tutf8 -ww -z mchango.1
    mandoc -T lint mchango.1

Ya kwanza haichapishi ukurasa, inatoa malalamiko tu. Ingekuambia makro `csv` haijafafanuliwa. Ya pili ni mkali zaidi, inasumbuka hata na nafasi iliyobaki mwisho wa mstari. Usiichukulie yote kama amri, lakini isome.

jembe_la_umoja
Malalamiko 14 kutoka kwa mandoc. Kumi ni nafasi za mwisho wa mstari. Narekebisha.

fundi_wa_kontena
Nimechelewa uzi, lakini mtu mwingine asije akapoteza siku kama mimi. Kama unajaribu haya ndani ya kontena la Ubuntu au la Debian nyembamba, `man` huenda isione kitu hata ukisakinisha. Picha hizo zimeelekezwa kutoweka `/usr/share/man` kabisa, angalia `/etc/dpkg/dpkg.cfg.d/`. Ubuntu wana amri ya `unminimize` inayorudisha. Jembe yeye yuko salama kwa sababu ameweka kwa `/usr/local`, dpkg, msakinishaji wa Debian, haigusi huko.

mama_seva
Kweli. Na mkiona `man: can't set the locale`, ni kwamba `sw_KE.UTF-8` haijatengenezwa kwenye mashine hiyo. `dpkg-reconfigure locales`, chagua, basi.

Jembe, la NAME halijaniacha. Jana nimeshusha chanzo cha man-db. Ile orodha ya vichwa iko kwenye faili ya `lexgrog.l`, kila lugha na mstari wake. Nimeongeza JINA, nimejenga, nimeendesha kwenye ukurasa wako wa kwanza ule wa Jumanne. Ameusoma. Sasa naandika maelezo ya kuwatumia wenyewe. Bi Sarufi, kabla sijatuma: JINA peke yake inatosha, au kuna mwingine ataandika MAJINA?

bi_sarufi
Kuna kurasa za amri mbili kwa pamoja?

mama_seva
Zipo nyingi. Ukurasa mmoja, amri tatu.

bi_sarufi
Basi weka zote mbili. Mtu mwenye watatu hawezi kusema jina.

mama_seva
Zote mbili zimeingia.

jembe_la_umoja
Mpaka hiyo ifike kwenye Debian yetu naendelea na NAME, nimemeza. Ukurasa umekamilika: NAMNA YA KUTUMIA, MAELEZO, MACHAGUO, MIFANO, KASORO, TAZAMA PIA. KASORO ina mistari mitatu, Mzee ataipenda.

Mweka hazina wa Kayole amesema hasomi kwenye kioo, macho. Nimeweka groff nzima, si ile ya msingi, nikafanya `man -Tpdf -l mchango.1 > mchango.pdf`, nikamchapishia kwa saiba hapa stage. Kurasa mbili, shilingi ishirini. Jamaa wa saiba ameniuliza nimetumia Word gani.